Mtwara hadi Masasi kwa njia ya juu: barabara ya zamani ya Uwanda wa Makonde

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Masasi una njia mbili, na urefu wake unakaribiana. Moja ni ya chini. Unapita Mikindani, unafika Mingoyo, unakunja kushoto pale Mnazi Mmoja, kisha Mtama, Nyangao, Ndanda, na kama hukusimama sana, saa tatu hivi baadaye uko Masasi. Ni lami mwanzo mpaka mwisho. Nyingine ni ya juu: Nanguruwe, Nanyamba, Tandahimba, Newala, halafu unashuka ukingo wa mlima hadi Masasi. Hiyo ina kilomita 210, na kwa miaka mingi ilikuwa safari ya kutwa nzima wakati wa kiangazi. Wakati wa masika hakuna aliyethubutu kukuahidi saa ya kufika.

Swali la makala hii lililetwa na msikilizaji wetu mmoja wa Masasi, aliyepiga simu kwenye kipindi cha asubuhi siku tuliyokuwa tukizungumzia ujenzi wa barabara hiyo ya juu. Alitaka kujua, kama njia ya chini ipo na ina lami, kwa nini watu wahangaike na ile ya mlimani. Nilimjibu haraka haraka kama tunavyojibu tukiwa hewani na taarifa ya habari imekaribia. Nikasema ile ni barabara ya uchumi, nikaweka muziki. Jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Agosti 2024 nikachukua siku nne za likizo, nikaipita peke yangu kwa pikipiki. Haya ndiyo maelezo ambayo ningempa siku ile kama muda ungeruhusu.

Mlima usiouona ukiupanda

Watu wa Newala husema wanaishi mlimani, na mgeni aliyezoea Uluguru au Usambara hushangaa, maana akitokea Mtwara haoni mlima wowote mbele yake. Uwanda wa Makonde umelala kama kitanda kilichotiliwa matofali chini ya miguu ya upande mmoja. Mashariki, karibu na bahari, uko chini. Kuelekea magharibi unainuka polepole mpaka kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha unakatika ghafla. Ukingo huo wa magharibi na kusini ndio mlima wenyewe, na huonekana vizuri kwa anayetokea Masasi au bonde la Ruvuma. Anayetokea baharini hupanda siku nzima bila kujua kwamba anapanda. Hutambua jioni, baridi inapoanza na hana sweta.

Niliondoka Mtwara saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya muda mfupi unapita Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa korosho wa nchi nzima wanakijua kwa miche bora na kwa mapambano dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mkorosho unga mweupe na kuyakausha. Kipande cha kwanza cha barabara, kilomita 50 toka Mtwara hadi Mnivata, kilitangulia kupata lami. Zilizobaki ni kilomita 160, na hizo ndizo zilizokuwa zikijengwa nilipopita, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kazi iligawanywa sehemu mbili: kilomita 100 toka Mnivata hadi Mitesa, na kilomita 60 toka Mitesa hadi Masasi pamoja na daraja la Mwiti.

Kwa hiyo nilikutana na barabara tatu ndani ya moja. Pengine lami mpya kabisa, pengine mchepuko uliosawazishwa na greda, na pengine ile barabara ya zamani yenyewe, nyembamba, yenye mifereji miwili ya matairi ya Fuso na tuta la mchanga katikati. Mchanga wa uwanda huu una sifa yake. Ukiutazama unaonekana umeshikana, ukiingiza tairi la mbele unafunguka kama unga. Mbele ya Nanyamba ulinifungukia, nikalala chini na pikipiki yangu. Vijana wawili waliokuwa wakija nyuma na pikipiki zilizosheheni madumu ya maji waliniinua kabla hawajaniuliza hata ninatoka wapi. Mmoja akanifundisha kwa subira: kaka, usishike breki ya mbele, kaa nyuma, iache injini ikuvute. Nilifuata somo hilo mpaka Masasi na sikuanguka tena.

Madumu yale ndiyo yaliyonirudisha kwenye swali la msikilizaji wangu. Walikuwa wanapeleka maji nyumbani, na hapakuwa na mto wowote jirani.

Watu juu, maji chini

Mvua kwenye uwanda huu si haba. Hunyesha msimu mmoja mrefu, toka kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili au Mei. Tatizo ni ardhi. Juu kuna udongo wa kichanga wenye kina kirefu, na chini yake mawe laini ya mchanga, kwa hiyo maji ya mvua huzama badala ya kutiririka. Unaweza kupita toka Nanyamba hadi Newala usivuke hata kijito kimoja. Maji hayo yakishazama hutokea tena chini, kwenye mabonde na miguuni mwa ukingo, kama chemchemi. Vizazi kwa vizazi, wanawake wa Kimakonde walishuka huko alfajiri na mitungi na kupanda nayo kichwani. Anayetaka kujua kazi hiyo ilikuwaje na asimame kwenye ukingo pale Newala atazame chini, halafu ajaribu kuipanda njia ile akiwa mikono mitupu.

Sasa kwa nini watu wachague kukaa mbali na maji kiasi hicho? Wamakonde wana simulizi ya asili inayojibu swali hili moja kwa moja. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, ni miongoni mwa walioiandika. Inasemwa kwamba hapo mwanzo alikuwepo kiumbe aliyeishi peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi ikawa mwanamke. Wakaishi karibu na maji, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye akafa. Walipopanda juu kwenye vichaka vizito, mtoto aliyezaliwa huko akaishi. Tangu hapo wakawausia watoto wao wajenge juu, mbali na mito na mabonde.

Wasomaji wengi wataona hapo asili ya uchongaji wa Kimakonde, na hawakosei. Mimi nilipoisoma tena nilisimama kwenye vile vifo vya watoto. Mabondeni kuna mbu na kuna mbung'o. Wazee hawakuwa na darubini ya kuonea vimelea, lakini walijua kuhesabu makaburi.

Sababu nyingine ni watu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita mabondeni kuelekea bandari za Kilwa, Lindi na Mikindani. Toka magharibi walikuja wavamizi wa Kingoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Kichaka cha uwanda wa Makonde kilikuwa kizito kiasi kwamba mtu asiyezijua njia zake hakuweza kuingia na kutoka akiwa salama. Mlima ukawa ngome.

Ngome hiyo iliwafaa hata wasio Wamakonde. Machemba, kiongozi wa Kiyao, alikaa Luagala, katika wilaya ya Tandahimba ya leo. Mwaka 1890 kamishna wa Kijerumani Hermann von Wissmann alimtaka ajisalimishe. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili, akieleza kwa adabu na kwa ukali kwamba haoni sababu ya kumtii. Hawakumng'oa upesi. Aliondoka 1899 akavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Wamisionari nao walijifunza somo lile lile. Walikuwa wamefungua kituo Masasi, kule chini, mwaka 1876. Magwangwara wakakivamia 1882, na mwaka uliofuata kazi ikahamishiwa Newala, kwa chifu Matola. Hata mtu wa Oxford, akishachomewa nyumba, hupanda mlima.

Kwa maneno mengine, barabara ya juu ipo juu kwa sababu watu wapo juu. Njia ya chini ina asili nyingine. Inafuata bonde la mto Lukuledi, ambalo kila mgeni alilipenda kwa kuwa ni tambarare na lina maji. Hata reli ambayo Waingereza waliijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea haikupanda uwandani. Karanga zilishindwa, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Wamakonde waliendelea kutembea juu.

Maji yanayopanda kwa umeme

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa kusukuma maji toka mabondeni hadi juu, na maji hayo yaliuzwa. Jambo la kulipia maji, ambalo sehemu nyingine za vijijini lilikuja baadaye kabisa, Newala wanalijua tangu kabla ya Uhuru. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia miradi ya maji ya Mtwara na Lindi kwa muda mrefu. Chanzo kikubwa cha mradi wa Makonde ni visima vya Mitema, kwenye bonde la Kitangari, kaskazini mwa mji wa Newala. Toka huko pampu huyapandisha maji mamia ya mita.

Fikiria maana yake kwa mtumiaji. Umeme ukikatika bondeni, bomba linakauka mlimani. Pampu ikiharibika na kipuri kiko Dar es Salaam, kipuri hicho nacho kinapita barabara hii hii. Ndiyo maana nyumba nyingi za Newala na Tandahimba zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, na mabati ya nyumba yamefungwa mifereji inayoelekea humo. Mwenye kisima kikubwa hufika nacho Septemba au Oktoba. Mwenye kidogo hununua dumu kwa vijana wa pikipiki kama walioniinua mimi.

Nilipolala Tandahimba usiku wa kwanza, mwenye gesti aliniwekea ndoo moja ya maji ya kuoga na kunieleza kwa upole kwamba ni hiyo moja. Nilioga nusu, nikaacha nusu ya asubuhi. Huo ndio ustaarabu wa huku na mgeni anapaswa kuujua kabla hajafungua bomba na kuanza kuimba.

Korosho na makato

Toka Tandahimba hadi Newala kupitia Mahuta unapita chini ya mikorosho karibu njia nzima. Agosti mingi huwa na maua, na iliyowahi imeanza kuning'iniza mabibo. Mti huu ulitoka Brazili, ukaletwa na Wareno kwenye pwani yetu, na ukaukuta mchanga wa uwanda ukiwa kama umeandaliwa kwa ajili yake: mizizi inashuka chini kutafuta unyevu ambao mahindi hayawezi kuufikia.

Nilisema hewani kwamba hii ni barabara ya uchumi. Maana yake ni hii. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, zinapakiwa kwenye lori kwenda ghala kuu, kisha zinauzwa kwa mnada. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza huku mwaka 2007. Bei ya mnada hutangazwa na sisi redioni tunaisoma kwa mbwembwe, lakini si hiyo inayoingia mfukoni. Kuna makato, na mojawapo ni usafirishaji. Lori likizama mchangani au likichukua siku mbili badala ya moja, gharama hiyo haimezwi na mwenye lori. Mwaka 2018 minada ilipokwama, serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaletwa kuzisomba. Mwaka ule watu wengi wa Dar es Salaam walilisikia kwa mara ya kwanza neno kangomba, yaani yule mnunuzi wa kichochoroni anayepima kwa kopo. Kangomba naye hustawi pale ambapo ghala liko mbali na mkulima ana shida ya leo.

Kwa upande wa wagonjwa hesabu ni kali zaidi. Mgonjwa wa Newala anayepewa rufaa ana hospitali za kwenda, Ligula na ile ya kanda kule Mtwara, Mkomaindo pale Masasi, Ndanda ya Wabenediktini, lakini zote ziko chini na njia ni hii. Pale stendi ya Newala, mama mmoja muuza vitumbua aliponisikia nikiulizia hali ya barabara, alinieleza kwamba mjukuu wake alizaliwa ndani ya Hiace wakati wa masika, gari likiwa limenasa na abiria wanaume wakiwa wameshushwa kusukuma. Mama na mtoto walipona. Mtoto sasa yuko darasa la tatu. Alinieleza hayo huku akihesabu chenji yangu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya sukari.

Newala, ukingoni

Newala ni mji wa baridi, na upepo wake wa jioni haukuulizi umetoka wapi. Nilifika saa nane mchana wa siku ya pili, nikapata fundi wa kuziba pancha, kisha nikaenda Shimo la Mungu.

Jina hilo ni la mahali pa kutazamia kwenye ukingo. Usitegemee shimo la kuzunguka kama la volkano. Ardhi imekwisha tu. Unasimama, na mbele yako kuna bonde linaloshuka mpaka Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Kule nako kuna uwanda mwingine wa Wamakonde, wa Mueda. Juni 16, 1960, wakuu wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda, na miaka minne baadaye vita vya ukombozi vya FRELIMO vikaanza. Wakimbizi walivuka mto kuja huku. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Familia nyingi za Newala zina ndugu pande zote mbili, na wachongaji wengi waliozifanya sanamu za Kimakonde zijulikane duniani walitoka ng'ambo hiyo. Karne hiyo hiyo, Novemba 1917, jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Kitangari na Newala likikimbilia Ruvuma, likiwa na wapagazi ambao majina yao hayapo kwenye vitabu.

Lakini niseme kilichonikalisha ukingoni pale mpaka giza likaingia. Karl Weule, niliyemtaja, alikuja mwaka 1906 na fonografu. Ni mashine iliyokuwa ikichora sauti juu ya mcheduara wa nta. Alikuwa na kamera ya sinema pia. Alikaa Newala akirekodi nyimbo za watu wa eneo hili, mwaka mmoja tu baada ya Maji Maji kuwaka. Mtazamo wake juu ya Waafrika ulikuwa wa Mzungu wa koloni na mara nyingi unakera kuusoma, na vitu alivyokusanya vilikwenda kwenye makumbusho ya Leipzig. Hata hivyo mimi ni mtu wa redio. Kazi yangu ni kushika kinasa sauti mbele ya mdomo wa mtu na kumwomba aseme tena taratibu. Kwamba kazi hiyo ilifanywa katika mji huu miaka 118 kabla yangu, kwa mashine ya nta, na kwamba kuna sauti za watu wa huku ambazo wajukuu wao hawajawahi kuzisikia, ni jambo ambalo sikulisikia likitajwa hata mara moja tukiwa chuo cha utangazaji.

Kushuka

Newala hadi Masasi ni kilomita 70 hivi, na hapo ndipo mlima unapojionyesha. Unatoka mjini, unafika Mitesa, na barabara inaanza kutafuta njia ya kuteremka. Somo la pikipiki hapa ni jepesi kulisema: gia ndogo, breki ya nyuma kidogo kidogo, na usimfuate Fuso kwa karibu hata kama vumbi lake linakukera. Kwenye kona niliwakuta wapanda baiskeli wakisukuma, na mzee mmoja akipumzika kivulini na mzigo wa mianzi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza kama juu bado kuna upepo.

Hewa inabadilika ndani ya nusu saa. Sweta niliyoilaani Mtwara na kuibariki Newala ikarudi begini. Ardhi nayo inabadilika. Mchanga unaisha, mikorosho inapisha miti ya kawaida ya nyika, na kwa mara ya kwanza toka nitoke pwani nikavuka mkondo wa mto. Ule wa Mwiti ndio uliopangiwa daraja kwenye sehemu ya pili ya ujenzi. Wenye magari wanaujua kwa sababu wakati wa mvua kubwa ndio unaoamua kama safari ipo au haipo. Mtu asiyefika huku huona ajabu kwamba watu waliokosa maji kilele chote cha mlima wazuiwe na maji wakishafika chini.

Halafu unaanza kuviona vilima vya Masasi. Ni mawe matupu ya matale yaliyosimama wima kwenye tambarare, kila kimoja peke yake, Mkomaindo na Mtandi vikiwa maarufu zaidi. Hospitali ya mji imebeba jina la kimoja na kanisa kuu la Kianglikana liko Mtandi. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika kitabu cha mafunzo ya Kiswahili na kujenga kanisa kuu la Mkunazini kule Unguja, ndiye aliyewaleta hapa watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa na asili ya bara, upande wa Ziwa Nyasa. Safari ilikusudiwa kwenda mbele zaidi. Walipoiona Masasi wakaomba wabaki, na mji ukaanza hivyo. Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, akazikwa huko huko Julai 2020.

Leo Masasi ni njia panda. Lami inakwenda Tunduru na Songea, nyingine inakwenda Daraja la Umoja kule Mtambaswala, lililofunguliwa 2010 kuvuka Ruvuma, na nyingine inarudi Ndanda na pwani. Lami ya mlimani ikikamilika, mfanyabiashara wa Newala ataamua mwenyewe kama mzigo wake ushuke Masasi au uende bandari ya Mtwara.

Ukitaka kuipita mwenyewe

Safiri kati ya Juni na Oktoba. Ukienda na pikipiki au gari dogo, anza alfajiri na usiingie usiku kwenye michepuko ya ujenzi, kwa sababu vibao huanguka na malori hayazimi taa kubwa. Mafuta yapo Mtwara, Tandahimba, Newala na Masasi, lakini jaza kila unapofika. Beba maji ya kunywa ya siku nzima, na usiombe maji nyumbani kwa mtu kama unavyoomba sehemu nyingine. Watakupa, na wewe hutajua yamewagharimu nini. Mtandao wa simu hupotea kwenye mteremko, kwa hiyo mwambie mtu wa Newala unaondoka saa ngapi na mtu wa Masasi akutegemee saa ngapi. Mimi nilimwachia namba yule mama wa vitumbua, na jioni alinipigia kuuliza kama nimefika.

Ukiwa na haraka ya kutoka Newala kwenda Lindi, kuna njia ya tatu inayoshuka Kitangari hadi Mtama. Nayo ina mteremko wake, na dereva asiyeijua aulize hali yake stendi kabla ya kuondoka.

Kurudi Mtwara nilipita njia ya chini. Niliondoka Masasi saa mbili asubuhi, nikanywa chai Ndanda, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeegesha pikipiki nje ya kituo chetu, ikiwa bado ina mchanga mwekundu kwenye mnyororo.